Walichoandika Watu wa Chuo

Muleba, 9 Juni 1957

Baba Aroni mpenzi,

Natumaini Kampala inakutunza. Mwanao ameota jino la pili, ila anaharisha tangu Jumapili kwa sababu ya maji ya chemchemi yetu.

Watu wa chuo kikuu walikuja kupima maisha yetu, na kuuliza tunaonaje kushirikiana nao. Kijiji chenye shida zaidi ndicho watakachokisaidia kwanza kuchimba kisima. Wakaniuliza, "Maisha yakoje, mama?" Mgeni hajakaa hata kitako, nimlilie shida? Nikajibu, "Mazuri, karibuni," nikaingia ndani kuwaletea kahawa ya kutafuna, heshima ya mgeni. Kutoka, wako kwa jirani! Karani wao akaniambia nimeshaandikwa: ameridhika. Na jirani naye vivyo hivyo!

Nilikasirika, Baba Aroni. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kambini kwao na chupa ya maji yetu, nikammiminia mkubwa wao kikombe.

"Karibu unywe, bwana."

Akachungulia. "Mama, haya hayanyweki."

"Basi andika hivyo, na jina langu."

Akaandika, nami nikasimama pale mpaka wino ukakauka.

Akupendaye,
Penina, mama Aroni