Radhi Yako Sikuitoa

Mke mwenzangu Salima,

Kukuuliza hali siwezi, na yangu unaijua: nina hasira. Naandika kwa herufi zile ulizonifundisha wewe barazani, nami nikilalamika kuwa mkono wangu mzito. Bado mzito. Nivumilie.

Tangu tukuzike, muhogo nauza peke yangu hapa mtaani kwetu Mtanda, Lindi. Wateja wanasema pilipili imepungua ukali. Nawajibu mwenye ukali amekwenda zake. Juzi nilikuita uniletee chumvi, nikakasirika hukuitika. Kisha nikakaa chini nikalia.

Sasa nikupe habari. Lilikuja gari la sinema la serikali, wakatundika shuka jeupe kiwanjani. Walituonyesha kwanza mambo ya kuchimba vyoo, halafu hadithi ya Kizungu, mkalimani akitueleza kwa kipaza sauti. Bwana mmoja, mvi zimeshamwingia, anazunguka kwa wanawake aliowaacha ujanani. Nikasema leo atakiona cha mtema kuni. Wapi! Kila mlango anaobisha, mwanamke anafungua kajipamba, analia, anasema hajapenda tena tangu siku ile. Hakuna hata mmoja mwenye mtoto mgongoni wala chungu motoni. Wa mwisho alikuwa amekufa. Bwana akaenda kaburini na maua, dada wa marehemu akamshika mkono, akamwambia, "Alikusamehe." Wakapiga muziki, ikawa mwisho. Nikapaza sauti: "Nani kamwambia?" Wanawake wote wakaitikia, hata mkalimani akatusihi tunyamaze, si yeye aliyeitunga. Wewe ungecheka mpaka kanga ikudondoke.

Kumbe Hamisi naye alikuwapo kiwanjani akitazama. Mume wetu yule, dereva wa lori, aliyekuwa akioa kila injini inapochemka: wewe Somanga, mimi Mtama, na wengine Mungu anawajua. Alikuacha kwa ajili yangu, akaniacha kwa ajili ya mwingine, nawe ukanifuata Mtama ukaniambia, "Funga mzigo, mwenzangu, twende Lindi. Huyu asitufanye maadui bure." Sijapata kuambiwa neno zuri kuliko hilo.

Asubuhi yake akaja, kavaa kanzu ya Idi, doti ya kanga mkononi, na mzee wa mtaa nyuma yake. Mazikoni hakuonekana, lakini sinema imemfundisha njia. "Mwanahawa," akasema, "nataka radhi ya marehemu. Wewe ndiye uliyemuuguza. Sema amenisamehe, nipumue." Mzee naye: "Mwanangu, neno moja tu, litakupunguzia nini?" Majirani wametoka wote, wananitazama mimi sasa kama lile shuka.

Salima, nilikaribia kulisema. Amekonda, na mimi si jiwe. Lakini nikakumbuka mtoto wenu ulivyomzika peke yako, na talaka yako ilivyoletwa na utingo wake. Nikakumbuka ulipokuwa kitandani nikakuuliza, Hamisi umemsamehe? Ukageukia ukutani ukasema, "Hilo niachie mwenyewe." Hukusema ndiyo, wala hukusema hapana.

Basi nikamwambia, "Hamisi, radhi yangu mimi hii hapa, ichukue. Ya Salima sina. Muombee dua, mtakutana mbele ya Mwenyezi Mungu, umuulize mwenyewe. Na kanga zako rudi nazo." Mzee akaguna, wakaondoka.

Tangu siku hiyo wananiita roho ngumu. Mama mmoja wa nyumba ya tatu amehamia kwa muuza muhogo mwingine, akanipita makusudi na sahani yake. Na apite. Wanasema maiti hana kinyongo. Wao wamejuaje? Mimi niliyekuosha sijui, wao waliokula pilau ya hitima wanajua!

Nakuaga sasa, mwenzangu, wino unaisha na muhogo unaungua. Mungu akulaze pema. Kaburi lako nalipalilia, na pilipili nitaitafuta mpaka urudi ukali wake. Ahadi yangu nyingine ni hii. Siku ya ndoa alikusemea baba yako. Siku ya talaka alikusemea utingo. Waje na kanga, waje na wazee, waje na sinema yao: mimi sitakusemea.

Mke mwenzio,
Mwanahawa