Nilimjibia Mwanangu

Goma, Jumanne. Tangu asubuhi mawingu, mlima hauonekani kabisa. Na mimi sitaki kuonekana.

Nina wivu. Niuseme mapema nipumue. Namwonea wivu Mama Esta, jirani yangu, aliyefika mwaka jana kutoka Rutshuru akikimbia vita, godoro moja kichwani. Mimi ndiye niliyemwonyesha bomba la maji. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba maternele ya masista, shule ya chekechea, inaandikisha watoto.

Leo Esta wake amepokelewa. Neema wangu bado.

Wiki tatu nilimfundisha Neema rangi kwa Kifaransa. Nilimshonea gauni, nikampaka mafuta mpaka magoti yakang'aa. Asubuhi kwenye usaili wa shule, Mama Esta alikuja na kitenge kilichopauka, akaketi, mikono mapajani. Esta akaulizwa mbuzi ana miguu mingapi. Akasema mitatu, akacheka. Mama yake kimya! Nakiri, nilifurahi. Nikasema moyoni, hao wamekwisha.

Zamu yetu, sista alimwuliza Neema mlima wetu una rangi gani.

"Mwekundu," akasema.

Hakukosea. Usiku anauona ukiwaka kileleni, kutoka mlangoni kwetu. Na ulipopasuka ukamwaga moto, nilikimbia naye mgongoni mpaka Sake, hata mwaka hajatimiza, anga lote jekundu nyuma yetu. Lakini mimi nilitaka aseme kijani; niliona aibu, nikamfinya paja: "Sema vert! Vert!"

Sista akaweka kalamu chini. "Mama, nimeuliza mutoto, hapana weye."

Swali la pili, Neema akaniangalia mimi. La tatu, akaniangalia mimi. Hakufungua kinywa tena. Sista akasema nimrudishe Alhamisi, aingie peke yake, na nafasi imebaki moja.

Jioni Mama Esta ameniletea sahani ya maharage. Hata ukarimu wake umeniuma. Nimemwuliza aliwezaje kunyamaza vile.

"Niliogopa tu, Mama Neema," akasema. "Weye hauogopake?"

Naogopa sana. Ila woga wangu una mdomo.

Maharage ni matamu, nayo pia nimeyaonea wivu. Nimemwuliza Neema kama ameshiba. Ameacha kutafuna, akanitazama usoni, akingoja nimwambie.

Kidogo nimjibie.

Nimeuma ulimi. Tumekaa hivyo, sahani katikati yetu, namngoja.