Makaa Mekundu Hayana Moshi

Kasapa, Lubumbashi
Mwisho wa mwezi wa saba

Yaya Godefroid, kaka yangu mkubwa,

"Jiko ya bomba ya ule muke wa Kivu ndiyo iliua Mama. Sisi tulikomaa na mbabula, jiko ya makaa isiyo na bomba, na mbabula haikuua hata kuku." Hayo ni maneno yako, uliyoyatuma kwa sauti kwenye groupe ya WhatsApp ya familia, na binamu zetu mpaka Likasi wakaitikia amina. Mimi nakujibu kwa karatasi, ili usome wewe peke yako. Sababu utaiona.

Lakini salamu kwanza, maana hata hasira ina adabu yake. Mgongo wako unaendeleaje tangu ile safari ya lori? Na mkeo, Mama Abigaëlle, kifua kimemwachia? Mahindi ya huko Mitwaba yamekauka vizuri? Sisi huku miili ni mizima. Baridi ya asubuhi bado inauma, umeme unakuja na kuondoka unavyotaka, na kiti cha Mama hakuna aliyethubutu kukikalia.

Sasa tubishane, kama tulivyozoea. Umeamua kwamba Émerance, mjane wa mdogo wetu Sylvain, arudi kwao Butembo, watoto wabaki kwa ukoo, na nyumba ya Katuba, alimokuwa akiishi na Mama, ifungwe. Jumapili baada ya misa ukoo unakutana, na kwa kuwa wewe ndiye mkubwa, ukisema ndiyo, wote watasema ndiyo. Mimi nasema hapana, na nasema hapana kwa hoja.

Unasema jiko lilijengwa ovyo. Nilikuwepo siku ya kulijenga chumbani kwa Mama. Mwape, fundi wa kuchomelea, alilitengeneza kwa bati nene. Émerance alikataa lisogezwe karibu na pazia wala kubanwa ukutani. Alitaka mtoto aweze kupita nyuma yake bila kuungua. Chini walipanga matofali. Mahali bomba linapotoboa dari walikata mbao na kuzungusha bati, ili chuma cha moto kisiguse mti. Bomba likapanda kupita mgongo wa paa, likavikwa kofia ya mvua. Kuni alizinunua mapema zikauke kabla ya baridi, kwa sababu kuni mbichi hulijaza bomba masizi, na masizi yakishika moto nyumba nzima inakwenda. Mama mwenyewe alimtania: "Weye, moto unaujengea nyumba kushinda yangu!" Huyo ndiye unayemwita mzembe?

Unasema daktari ni mwongo. Alituambia sote wawili kwamba damu ya Mama ilijaa hewa ya makaa, ile wanayoiita monoxyde. Ukamjibu mbele ya watu: "Docta, moshi haikukuwa. Makala ilikuwa nyekundu, safi. Sasa iue muntu namna gani?" Na wazee wakaguna kukubali.

Hapo, Yaya, ndipo tulipopotea sote. Kumbuka tulivyolelewa. Mama aliwasha mbabula uani, akapepea kwa kifuniko cha sufuria hadi moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu. Kisha akaiingiza chumbani, akafunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa kitambaa. Tuliamini tumeiacha hatari nje. Tulichokiacha nje kilikuwa harufu tu. Hewa inayoua haina rangi, haina harufu, haimkohozi mtu, na makaa hayo mazuri mekundu ndiyo yanayoitoa chumba kinapofungwa. Asubuhi tuliamka na maumivu ya kichwa, Mama akayaita "kichwa ya baridi". Na majirani ambao hawakuamka, tuliwazika, kisha tukaanza kumtafuta mulozi aliyewaroga mtaani. Unasema mbabula haikuua hata kuku. Kuku, Yaya, halali kwenye chumba kilichozibwa kwa kitambaa.

Jiko la bomba huitoa hewa hiyo nje, mradi njia iwe wazi. Ndani ya bomba la Katuba kulikuwa na kibati cha duara, kinachogeuzwa kwa mkono mdogo ulio nje ya bomba. Kikisimama, njia iko wazi, kikilala, imezibwa. Mwape alikiweka ili kuutuliza moto ukiwa mkali. Émerance hakukipenda. Aliwakataza watoto kukigusa, akamkataza na Mama, na kila jioni alihakikisha kimesimama kabla ya kuaga, maana makaa yanaendelea kutoa hewa ile mpaka yawe majivu.

Asubuhi alipoingia na chai na kumkuta Mama hapumui, kibati kilikuwa kimelala.

Kaa chini, Yaya, usome polepole.

Jioni ya kuamkia kifo chake, ulipokuja kututembelea kutoka Mitwaba, ni wewe uliyebaki na Mama. Émerance alikuwa ameshakagua jiko na kuaga, akaenda kuosha vyombo uani karibu na chumba cha nyuma anakolala na watoto. Akiwa pale alikusikia ukicheka: "Mama, hawa bantu banapasha mbingu moto! Moshi iliisha, njia ya bomba ya nini tena?" Na Mama naye akacheka. Kisha ukaja kulala kwangu Kasapa. Kwenye kilio, ukijifariji, uliniambia kwamba ulimwacha kwenye joto zuri, na kwamba uligeuza "kale kamukono" ili joto lisipotee. Nilidhani unasema mkono wa mlango wa jiko. Nimeuangalia mlango huo tangu hapo. Hauna mkono, una ndoano.

Ni wewe uliyelifunga bomba, Yaya. Ulilifunga kwa upendo, ili mama yako asipate baridi.

Wiki iliyopita nilimuuliza Émerance kuhusu kibati, naye akaniomba niliache jambo hilo. Nikamgombeza, nikamwambia ananyang'anywa watoto huku jibu liko mdomoni mwake. Ndipo akanieleza yote aliyoyaona na kuyasikia, kisha akasema: "Beau-frère, shemeji yangu, Yaya alipenda sana mama yake. Akijua, ataishi namna gani? Acha banifukuze. Nyumba nitapata ingine." Nikamuuliza, na watoto? Akageukia maharagwe aliyokuwa akichambua, akawa anatupa punje na kuacha mawe. Ujumbe wako wa sauti aliusikia, Yaya, watoto wakiwa pembeni yake. Angeweza kujibu kwa sentensi moja. Alizima simu.

Aliniomba nisikuambie. Nimevunja ombi lake, na nitamwambia kwamba nimelivunja. Ningenyamaza, Jumapili mngemtoa nyumbani mwanamke ambaye kosa lake ni kukuhurumia, na wewe huko Mitwaba ungeendelea kuingiza mbabula kwenye chumba cha wajukuu, ukiwa na hakika kwamba nyekundu ni salama. Katika ubishi wetu wote tangu utoto, huu ndio ambao nilitamani haki iwe kwako.

Mwape amekikata kile kibati. Bomba haliwezi kuzibwa tena, na dirisha tumeliachia upenyo. Watoto wa Émerance, Séphora na mdogo wake, wanaota moto pale jioni, kwanza waliogopa, sasa wamezoea. Na wewe, toa mbabula chumbani leo hii, hata kama Mama Abigaëlle atalalamika. Msalimie sana, na wajukuu wote kwa majina yao. Kaburi la Mama tumelifagia, msalaba umesimama sawa.

Sasa nataka jambo moja kwako, na sikuombi. Panda gari kabla ya Jumapili. Usianzie kwangu, wala kwa baba wadogo, wala kwa padri. Nenda moja kwa moja Katuba. Émerance atataka kukupikia. Mzuie, mwambie akae. Mwambie kwa mdomo wako kile ulichokifanya na mkono wako, na kwamba nyumba ni yake na watoto ni wake. Kisha, Jumapili, simama useme hivyo hivyo mbele ya ukoo, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Barua hii usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Mdogo wako anayekupenda,

Aristote