Nimo Ndani ya Karavani na Clifford Hajui

Hilary, shoga yangu, soma simu. SOMA SIMU!

Nimo ndani ya karavani, kijumba chetu cha kuvutwa na gari, na inatembea! Clifford anaendesha gari, ile Morris, huko mbele, anadhani nimelala kiti cha nyuma.

Tuliposimama kujaza petroli niliingia huku kutafuta sweta. Yeye na utaratibu wake wa kila kituo: kakagua mnyororo, kakagua taa, kafunga mlango wa karavani kwa ufunguo, huyo kaondoka. Mke hakumkagua!

Nimempigia mara kumi na moja. Simu kaifungia kwenye dashibodi, eti sheria. Na asubuhi nilimwambia, "Usinisemeshe mpaka tufike Keswick." Basi kanyamaza! Miaka thelathini ya ndoa, leo ndiyo kaamua kunisikiliza!

Dirisha la mbele limezibwa na godoro. Nikisimama dirisha la nyuma, uzito wangu unafanya karavani iyumbe kama mlevi. Nikirudi katikati inatulia, lakini hakuna anayeniona. Na mbele yetu ni ule mteremko wa Kirkstone, Hilary. Breki zenyewe ni za mwaka hamsini na nane.

Nimepeperusha taulo. Nimegonga kioo, nimepiga kelele, "Msaada!" Unawajua watu wakiona karavani ya zamani: honi, tabasamu, mikono juu. Mwendesha baiskeli mmoja kanirushia busu!

Na sasa nyuma yetu kuna Austin ya kijani, shoga. Ni yenu. Gordon, mumeo, kaniwashia taa kwa furaha. Na wewe ukanipungia mkono, ukanipiga na picha.

Hebu itazame hiyo picha. Nitazame uso.