Vitanda Juu ya Matofali

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na hapo Keko, mafundi wenzio wanakuachia kivuli cha kuwekea makochi yako, au ndiyo yale yale? Mie mzima, ila baridi imenikunja kama kuku aliyenyeshewa.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli huku Finland wanajizatiti. Nilikumbuka siku nilipolisikia neno hilo redioni mara ya kwanza, wewe unapiga msasa mguu wa meza, nikakuuliza maana yake. Ukanijibu, "Ni kukusanya askari na silaha kabla hujapigwa. Anayejizatiti hajasema anataka vita, ila hapati usingizi." Tangu hapo, masika yakikaribia, ukawa unatangaza kwamba na nyumba yetu ya bondeni inajizatiti. Tunainua vitanda juu ya matofali, unga unapanda kabatini, vyeti vinaingia kwenye mfuko wa nailoni. Nimezikumbuka siku hizo, baba, hadi machozi yamenitoka.

Ndiyo, ni kweli. Kila taarifa ya habari ni vifaru na askari wa akiba. Tulipata karatasi ya kututaka tujiandae majumbani. Lugha yao bado inanipiga chenga, nikaelewa hilo la kujiandaa tu. Basi nikatafuta matofali manne, nikainua kitanda cha mama mzee ninayemtunza. Kumbe walitaka tuweke maji, betri na vyakula vya makopo. Mama mzee alicheka hadi akapaliwa, na sasa hataki nikishushe.

Umesema nirudi kabla mambo hayajaharibika. Sitakuficha, naogopa, na natamani niamke nisikie randa yako. Lakini nakumbuka mwaka ule maji yalipoingia ndani, majirani wakahamia kwa ndugu zao Mbagala. Sie tulibaki, maana bibi hakuweza kutembea. Ulikaa kando ya kitanda chake, miguu ndani ya maji, unampigisha soga hadi yakapungua.

Huyu wa huku naye hatembei, na mwanawe wa pekee ameitwa jeshini. Hana mwingine ila mie. Kwa hiyo sirudi sasa, baba. Unisamehe, ila haya nimejifunza kwako.

Nisalimie mama, shangazi muuza vitumbua, na fundi wako wa vanishi. Masika yakikaribia msinisubiri, inueni vitanda. Matofali yapo nyuma ya jiko, niliyapanga mwenyewe kabla sijaondoka.

Ni mie binti yako,
Zuhura