Kopo la Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Mei

Slaidi ishirini na moja za makohozi leo. Macho yanawaka. Wiki ya tatu ya mazoezi hapa maabara na Bi Mwanaisha hajanipa sifa hata moja. Anasimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani. Rangi nyekundu, moto mpaka mvuke utoke, asidi, kisha buluu. Vijidudu vya kifua kikuu hung'ang'ania ule wekundu, vingine vyote huoshwa vikaenda.

Niliandika jina la mgonjwa kwenye kifuniko cha kopo. Kanifokea mbele ya watu. "Vifuniko hubadilishana, Karisa. Andika ubavuni." Haya. Ubavuni.

Alhamisi, 8 Mei

Kadzo amerudi kutoka kwao Dabaso amenuna. Mamake anakohoa tangu kabla ya mvua, anatoka jasho, amekonda. Hospitali hataki. Kisa ni mimi. Mkwewe yuko maabara, atayaona makohozi yake.

Mwaka wa nne huu tangu nimuoe Kadzo, na mimi na mamake hatujawahi kupeana mkono. Nikitokea hujifunika leso akageukia ukuta. Nami huzunguka nyuma ya nyumba. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wagiriama, na sina ugomvi na hilo. Lakini kifua ni kifua.

Nimempa Kadzo kopo alipeleke. Mama akohoe asubuhi kabla ya kula, atoe ya ndani kabisa. Jina lake nimeliandika ubavuni. Sijawahi kulitamka jina hilo.

Ijumaa, 9 Mei

Kadzo alilala kwao, asubuhi akaja na kopo moja kwa moja hadi dirishani kwetu. Majimaji. Mapovu juu. Mate matupu.

Kanuni naijua. Mate hayapimwi, mgonjwa huombwa akohoe tena. Nimelitazama kopo muda mrefu. Nitume mtu akamwambie mama mkwe kwamba makohozi yake hayakuniridhisha? Aibu ilinishinda. Bi Mwanaisha alikuwa kwenye mkutano. Sikumngoja. Nimepaka slaidi, nimesoma, nimeandika daftarini: Hasi.

Nilimpigia Kadzo. Akasema tu, "Mungu ni mwema." Nilijiona daktari.

Jumapili, 25 Mei

Dabaso. Baba mkwe amenichinjia kuku. Eti kijana wetu ametutoa hofu. Mama mkwe anakunywa mwarobaini na dawa ya kikohozi ya dukani, kwa kuwa kifua kikuu si chake. Nimesema mimi.

Nilimsikia upande wa pili wa ukuta. Kikohozi kizito, kinaanzia tumboni. Mtu anayekohoa hivyo hatoi mate. Kadzo alikuwa akiniangalia. Nikala kuku nikanyamaza.

Jumatano, 11 Juni

Amekohoa damu. Wamemleta Malindi hapa hospitalini, mwepesi kama mtoto, hana nguvu ya kujifunika. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeuona uso wake wote. Ana mdomo wa Kadzo.

Safari hii nesi alimsaidia kukohoa. Bi Mwanaisha amepima mwenyewe. Aliponiachia hadubini, vijiti vyekundu vilikuwa kila mahali nilipotazama, havihesabiki. Kisha akafungua daftari la mwezi jana, akaikuta hasi yangu. Akauliza sampuli ilikuwaje. Nikamwambia mate. Akafunga daftari taratibu. Laiti angenifokea.

Jumatatu, 16 Juni

Amefariki, saa mbili asubuhi. Dawa amezinywa siku nne tu.

Alhamisi, 19 Juni

Tumemzika. Baba mkwe alisimama mbele ya waombolezaji akanishukuru kwa kuhangaika. Watu wakanipa pole. Nimezipokea zote. Mimi ni mtu mbaya.

Jumapili, 22 Juni

Nimeshindwa. Nimemwambia Kadzo kila kitu. Tulikuwa uani kwetu hapa Muyeye, anafua leso za mamake. Nimemwambia lile kopo lilikuwa na mate, nilijua, na niliona haya kumrudishia mama.

Hakunitukana. Mikono ilisimama ndani ya beseni. Akasema, "Mate yale ni yangu."

Mama alikataa katakata asubuhi ile. Alisema heri afe kuliko mkwewe kuchungulia uchafu wa kifuani mwake. Akamwapisha asimwambie mtu. Basi Kadzo akatema yeye, akafunga kifuniko, akaniletea. Nilipompigia kumwambia ni hasi, alijua hasi ni ya nani. Akajiambia pengine mama naye hana kifua kikuu.

Nilipandwa na hasira, nikaondoka. Nimefika hadi barabarani nikakosa pa kwenda. Nimkasirikie kwa lipi? Alimstahi mamake. Nami nilimstahi mama mkwe. Sote watatu tulikuwa na adabu sana.

Jumamosi, 28 Juni

Hatuongei. Anapakua chakula, anakaa jikoni. Tangu matanga anakohoa. Nimemwambia lazima apimwe, amenigeuzia mgongo. Ya mamake yanajirudia nyumbani kwangu, na ninaogopa.

Jumatano, 9 Julai

Mtihani wa mdomo. Mwalimu kauliza: sampuli ya makohozi hukataliwa lini? Nimejibu bila kusita. Ikiwa ni mate, ikiwa kopo halina jina, ikiwa limevuja. Akauliza, na mgonjwa akiona haya? Nikasema anaelezwa kwa upole, anapewa faragha, anaombwa tena. Akasema nimeelewa vizuri. Nimetoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi nimeweka kopo mezani, jina la Kadzo ubavuni. Nimemwambia aende nalo nyuma ya jiko, nami nitakaa ndani nisione.

Alilichukua. Akaenda hadi mlangoni, akarudi. Akasimama uani mbele yangu, mahali penye hewa, akavuta pumzi akakohoa huku akinitazama. Mara tatu. Machozi yanamtoka, kamasi zinamtoka, hakujifuta wala hakugeuka. Kisha akanipa kopo.

Sikutaka kusoma mwenyewe. Nimempa Bi Mwanaisha.

Jumanne, 15 Julai

Hasi. Baba mkwe pia, na wote wa Dabaso waliopimwa.

Nimemwambia Kadzo alipokuwa akianika nguo. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo, nilimwona akikohoa. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuanika. Leso moja ya mamake ilikuwa nzito kwa maji. Nimeshika ncha moja, naye nyingine, tukaikamua.