Mchanga Usio na Mashimo

Lodwar, 3 Aprili 2024

Nawoi mjukuu wangu,

Ejok? Wewe mzima, mtoto mzima? Mimi niko, magoti tu ndiyo yananitukana. Anayeandika ni Namuar, jirani. Mimi nasema, yeye anafuata. Nimemkataza asipunguze ukali.

Simu yako imekufa, sasa habari zako nazipata kwa Lam, dereva wa samaki. Anasema Akal ana miaka mitatu na hajasema hata neno. Na wewe umekaa tu unamwangalia kama mbuzi mgonjwa. Unamjua yule kidudu wa mashimo ya mchanga, anayetembea kinyumenyume. Mama yako alikuwa hasemi, mpaka nikamwekea huyo kwenye ncha ya ulimi. Akambana, ulimi ukaamka, na hakunyamaza tena mpaka tulipomzika.

Akal amtoe shimoni kwa mkono wake mwenyewe. Na asiwe wa nyumbani, mahali mbuzi wanapokojoa. Shukeni mto Tarach, sasa ni mkavu, chini ya ukingo ulioinama. Huko mchanga ni safi.

Nyanya yako

Kakuma, 9 Aprili 2024

Nyanya mpendwa,

Ejok noi. Sisi wazima, magoti yako tunayaombea.

Tunashuka mtoni kila asubuhi. Akal analala kifudifudi, anatazama. Jana sisimizi aliteleza shimoni. Kila akipanda, kidudu anamrushia mchanga kutoka chini, anateleza tena, mpaka meno yakamshika. Akal akacheka. Kwa sauti, Nyanya. Kumtoa kidudu ndiyo bado anaogopa.

Jirani yangu Abang, wa Sudan Kusini, ananitania: "Nyanya yako anataka kumlisha mtoto wadudu?" Nikamwambia shukuru hamjakutana.

Mbingu ni nyeupe, jua tupu. Siachi mpaka aseme.

Mjukuu wako

Lodwar, 14 Aprili 2024

Nawoi,

Salamu zitangoja. Turkwel, mto wetu wa hapa, umejaa leo, mwekundu, umebeba miti mizima, na hapa hakujanyesha hata tone. Mvua iko milimani, na Tarach inatoka milimani. Usitazame mbingu ya Kakuma, haijui kitu. Tazama mashimo. Mchanga ukipata unyevu chini, wale wadudu hawachimbi. Ukiuona umelala laini kama shuka, beba mtoto, panda juu.

Yule kidudu hamfukuzi mtu. Anakaa chini, anangoja ushuke mwenyewe. Mto nao ni hivyo hivyo.

Mimi ndiye niliyekutuma huko, na mimi nakutoa. Chukua wa nyumbani, hata wa kwenye mikojo ya mbuzi. Akal asiposema, tutaishi na kimya chake.

Nyanya yako

Kakuma, 15 Aprili 2024

Nyanya mpendwa,

Ejok? Barua yako sijapata wiki hii. Mwenye boda anakuja Lodwar sasa hivi, amewasha pikipiki, naandika haraka.

Leo kuna ajabu. Pale tulipozoea hakuna shimo hata moja. Mchanga ni laini, baridi, Akal anaupiga kwa kiganja. Nadhani wamehama. Kesho tutafuata mto mpaka kwenye kona, ukingo wa huko ni mrefu, hawawezi kukosa.

Lakini kaa chini kwanza. Akal amesema. Tulikuwa tunarudi, akasimama, akageukia mto unakotoka, akasema, "Ngakipi." Maji. Wazi kabisa. Nikampa chupa, akaisukuma, akaendelea kuonyesha kule kule. Nimelia njia nzima kwa furaha.

Kesho kidudu amalizie kazi.

Mjukuu wako

Lodwar, 19 Aprili 2024

Nawoi mjukuu wangu,

Ejok? Wewe mzima? Mtoto mzima?

Barua yako imefika. Yangu Lam amenirudishia, haijafunguliwa. Anasema maji yamekata barabara, na ng'ambo hakuna anayejua habari za mtu.

Namuar amenisomea yako. Nikamwambia asome tena pale Akal aliposema. Halafu nikamwambia aache.

Sasa ameshika kalamu, ananiuliza aandike nini. Andika, kwenye kona usiende. Andika tarehe kumi na nne, siyo ya leo. Anasema haiwezekani. Nimemwambia andika.

Maji yakishuka Lam anaondoka. Nimemwambia, hii usinirudishie.

Nyanya yenu